Plastiki na Viumbe Wadogo wa Bahari: Maswali Matatu Yaliyofungwa Furushi Moja

Anayefuatilia habari za plastiki baharini ana haki ya kuchanganyikiwa. Leo anasoma kwamba chembe za plastiki hunasa sumu hadi zikakolea mara laki moja kuliko maji yanayozizunguka, na kwamba viumbe walio chini kabisa katika mnyororo wa chakula wanazimeza. Kesho anasoma kwamba watafiti wamewalisha viumbe haohao plastiki kwa wingi, nao wakaendelea kuogelea na kutaga kama kawaida. Mwanaharakati anasema bahari inauawa. Mwenye kiwanda anasema hofu imeupita ushahidi. Kila mmoja anaweza kutaja utafiti uliochapishwa katika jarida lenye heshima, na hakuna anayesema uongo.

Chanzo cha mkanganyiko ni kwamba chini ya jina moja, "sumu ya plastiki", yamefungwa maswali matatu yasiyofanana. La kwanza: je, plastiki inabeba sumu zilizokuwamo baharini tangu zamani na kuziingiza katika miili ya viumbe? La pili: je, plastiki yenyewe inavuja kemikali ilizotiwa kiwandani? La tatu: je, chembe ya plastiki, hata ikiwa safi, inamdhuru anayeimeza? Makala haya yanayafungua moja moja. Naweka msimamo wangu mapema ili msomaji aupime: swali la kwanza ndilo maarufu kuliko yote na ndilo lenye ushahidi dhaifu; la pili halivutii kamera, lakini ndilo linalostahili kutungiwa sheria.

Viumbe wenyewe

Wanaozungumziwa hapa ni zooplanktoni, yaani wanyama wanaoelea na kuchukuliwa na mikondo ya maji. Walio wengi ni kopepodi, jamaa wa mbali wa kamba na duvi, wenye urefu wa milimita moja au mbili. Wao hula mwani mdogo usioonekana kwa macho. Dagaa na vibua huwala wao, na jodari huwala dagaa na vibua. Pamoja nao wamo wageni wa muda: kaa, kamba, chaza na samaki walio wengi huanza maisha yao wakiwa lava wanaoelea kabla ya kupata makao. Kwa hiyo kinachowapata viumbe hawa hakiishii kwao.

Mambo matatu katika maumbile yao yanawaweka hatarini. Mwili mdogo una ngozi pana ukilinganisha na ujazo wake, hivyo kilichoyeyuka majini huingia upesi. Chakula chao huchaguliwa zaidi kwa ukubwa na kwa harufu, na chembe ya plastiki iliyokaa majini ikaota utando wa bakteria huwa na ukubwa na harufu ya chakula. Tena hukua kwa kujivua gamba. Kopepodi hupitia hatua sita za utotoni na sita nyingine hadi utu uzima, na karibu kila hatua huamriwa na homoni. Kemikali isiyoua mtu wala samaki inaweza kuikosesha homoni hiyo wakati wake, na kiumbe akabaki amekwama katikati ya hatua mbili.

Tangu Sargasso hadi maji ya Kenya

Habari hizi si mpya kama zinavyotangazwa. Mwaka 1972 Edward Carpenter na mwenzake Kenneth Smith waliripoti vipande vya plastiki juu ya Bahari ya Sargasso, magharibi mwa Atlantiki. Mwaka huohuo Carpenter na wenzake walikuta vidonge vya polistireni katika pwani ya New England vikiwa na PCB, sumu ya viwandani iliyotumika sana katika transfoma za umeme. Hoja yote ya leo ilikuwa imeshaonekana mwanzoni kabisa, kisha ikawekwa kabatini kwa karibu miaka 30.

Ilirudi mara mbili. Mwaka 2001 timu ya Hideshige Takada wa Tokyo ilionyesha jinsi punje za plastiki ghafi zinavyovuta PCB na mabaki ya DDT kutoka majini. Mwaka 2004 Richard Thompson wa Plymouth na wenzake walizifungua sampuli za planktoni zilizohifadhiwa tangu miaka ya 1960, zilizokusanywa na meli zilizopita kati ya Aberdeen na visiwa vya Shetland, wakaona plastiki ikiongezeka miongo ikisogea. Makala yao ndiyo yaliyoeneza jina la mikroplastiki.

Kwetu ushahidi ulikuja baadaye. Mwaka 2018 watafiti wa Kenya walichapisha ripoti ya kwanza ya aina yake kuhusu maji ya nchi hiyo: plastiki ilikutwa majini na ndani ya kopepodi, amfipodi (jamaa wengine wa kamba), minyoo-mshale na lava wa samaki. Nyingi zilikuwa nyuzi. Tanzania nako plastiki imepatikana katika mchanga wa fukwe na katika kombe wanaoliwa na watu. Kwa hiyo hapa hatubishani kama wanameza. Wanameza. Mabishano ni juu ya kinachofuata.

Swali la kwanza: plastiki kama mbebaji

Hoja hii ina msingi imara wa kikemia. PCB, DDT na masalia ya mafuta yaliyoungua hayapendi maji, hupenda mafuta. Plastiki nyingi zimetokana na mafuta ghafi, kwa hiyo sumu hizo zikikutana na chembe ya polithini hujishikiza hapo. Timu ya Takada ilitumbukiza punje safi za polipropilini baharini kwa siku sita tu, na kiasi cha PCB juu yake kikapanda siku hadi siku. Punje zilizookotwa zilikuwa na sumu kwa viwango kati ya mara laki moja na mara milioni moja ya vile vya maji. Kuanzia 2005 mradi wake, International Pellet Watch, umekuwa ukipokea kwa posta punje zilizookotwa na watu wa kujitolea kwenye fukwe za nchi nyingi. Ramani zilizotokana nazo ni kipimo kizuri cha uchafu wa pwani.

Hapo ndipo hoja inaporuka hatua. Kwamba punje imebeba sumu haithibitishi kwamba kiumbe anayeimeza anaongezewa sumu. Kemikali husafiri kutoka ilikojaa kwenda ilikopungua. Kopepodi anayeishi katika maji yaleyale yenye PCB ameshaipata kupitia ngozi yake na kupitia mwani anaokula kila saa. Kumpa punje yenye PCB ni kama kummwagia kikombe cha maji mtu aliyekwisha lowa kwa mvua. Tena plastiki safi ikiingia tumboni mwa kiumbe mchafu inaweza hata kumpunguzia sumu, kwa kuwa mkondo hugeuka.

Albert Koelmans wa Wageningen na wenzake walipiga hesabu hizo mwaka 2016. Walihitimisha kwamba katika sehemu kubwa ya bahari, sumu inayoingia kupitia chakula cha kawaida inaizidi kwa mbali ile inayoingia kupitia plastiki, kwa sababu plastiki, pamoja na wingi wake unaotutisha, ni kidogo mno ikilinganishwa na mwani, mabaki ya viumbe na maji yenyewe. Majaribio ya Ricardo Beiras na mwenzake huko Vigo, Hispania, yalifuata mwaka 2019: walichanganya mikroplastiki na nonilifenoli, kemikali isiyopenda maji, na hawakuona sumu yake ikiongezeka kwa planktoni kwa sababu ya plastiki.

Watetezi wa hoja hii hupenda kutaja amfipodi wa Mfereji wa Mariana. Mwaka 2017 Alan Jamieson na wenzake waliripoti kwamba viumbe hao wa vilindini walikuwa na PCB mara 50 kuliko kaa wa mashamba ya mpunga yanayonyweshwa na mto mchafu wa Liaohe nchini China. Baadaye nyuzi za viwandani zikakutwa matumboni mwa jamaa zao, na aina moja mpya ikapewa jina Eurythenes plasticus. Ni habari ya kusikitisha, lakini haithibitishi kilichodaiwa. PCB hufika vilindini pia kwa mizoga na kwa mabaki ya planktoni yanayodondoka usiku na mchana. Vitu viwili kukutwa tumbo moja hakuonyeshi kwamba kimoja kimemleta mwenzake.

Hoja haijafa kabisa, kwani plastiki husafiri. Iliyokaa katika bandari chafu kisha ikachukuliwa na mkondo hadi kwenye maji safi inaweza kumwaga huko ilichokibeba. Hali hiyo ipo, ila si ya kila siku, na kuifanya picha ya bahari nzima ni kuipa uzito isioustahili.

Swali la pili: kinachovuja kutoka ndani

Mfuko, bomba au wavu ni polima pamoja na vitu vilivyotiwa ndani yake. Vipo vya kulainisha, vya kuzuia moto, vya kukinga jua na vya kutia rangi, na yapo mabaki ya vichocheo vya kiwandani ambavyo hakuna aliyekusudia vibaki. Mradi wa PlastChem, ulioongozwa kutoka Norway, ulihesabu mwaka 2024 kemikali zaidi ya 16,000 zinazohusiana na plastiki. Zaidi ya 4,200 kati yake zilionekana kuwa za kutia wasiwasi, na kwa maelfu mengine taarifa za usalama hazipo. PVC laini, ile ya mipira ya maji na vitambaa vya meza, inaweza kuwa na vilainishi vinavyofika theluthi ya uzito wake au zaidi. Viungio vingi vimechanganywa tu na polima, havikufungwa nayo kikemia. Kutoka ni suala la muda, joto na jua, na maji yetu ya ikweta hayapungukiwi na hivyo vyote.

Tofauti na swali la kwanza iko hapa, na ndiyo nguzo ya uamuzi wangu. PCB imeenea baharini, hivyo plastiki haimletei kopepodi jambo jipya. Kiungio kiko ndani ya plastiki kwa wingi, wakati majini ni haba au hakipo kabisa. Mkondo una njia moja: kutoka kwenye plastiki kwenda majini na mwilini. Mantiki ileile iliyoidhoofisha hoja ya kwanza inaitia nguvu ya pili.

Majaribio nayo yanaelekea huko. Mwaka 2015 watafiti wa Sweden walisaga bidhaa 21 za plastiki, wakaziloweka, na maji yake wakamwekea kopepodi mdogo wa Baltiki, Nitocra spinipes. Bidhaa 8 zilikuwa na sumu kali. Mwaka uliofuata, huko Hong Kong, lava wa Amphibalanus amphitrite, yule kiumbe mwenye gamba gumu anayeganda kwenye nguzo za gati na matumbo ya mashua, waliwekwa katika maji yaliyolowekewa aina saba za plastiki zinazorejelezwa. PVC ndiyo iliyokuwa na sumu zaidi, lakini la kuzingatia ni jingine: maji ya plastiki zote saba yaliwazuia lava kushika makao. Hata ambao hawakufa walishindwa kuanza maisha, na hesabu ya vifo peke yake isingeliona hilo.

Huko Brazil viinitete vya mnyama wa miiba wa baharini, Lytechinus variegatus, viliharibika zaidi kwa punje mpya za kiwandani kuliko kwa zile zilizookotwa ufukweni. Kama sumu kubwa ingekuwa ile iliyonaswa baharini, matokeo yangekuwa kinyume. Nadhani hilo ni mojawapo ya majaribio yanayosema mengi kuliko yanavyotajwa.

Kuhusu homoni, jaribio lililofanywa Japani na kuchapishwa 2003 lilimchukua kopepodi Tigriopus japonicus, likampa bisfenoli A na nonilifenoli kwa viwango vidogo. Ukuaji wake ulichelewa. Wengi huzieleza kemikali hizi kuwa zinaiga estrojeni, homoni ya kike ya binadamu. Kwa kopepodi maelezo hayo hayatoshi, kwa kuwa mfumo wake si kama wetu. Kinachogusika kwake ni ekdisteroidi, homoni za kujivua gamba. Ndiyo maana kipimo kilichobuniwa kwa ajili ya samaki au panya kinaweza kuipitisha kemikali ambayo kwa kiumbe mwenye gamba ni balaa.

Udhaifu wa hoja hii upo pia. Majaribio mengi huloweka plastiki nyingi katika maji machache, hali isiyopatikana bahari kuu. Maji yaliyolowekwa ni mchanganyiko, na mara nyingi mtafiti hajui ni kiungio gani hasa kilichoua, kwa kuwa viwanda havitangazi mapishi yao. Tena viungio vingine havidumu: bakteria huvunja bisfenoli A kwa siku au wiki kadhaa, japo katika maji ya chumvi kazi hiyo huenda polepole kuliko mtoni.

Lakini kutodumu si hoja ya kufariji pale chanzo kinapomimina kila siku. Katika mdomo wa Mto Msimbazi jijini Dar es Salaam, au kando ya jalala lililo juu ya mikoko, plastiki mpya hufika kabla kemikali ya jana haijavunjika. Mashamba ya mwani ya Paje na Jambiani, Zanzibar, hufungwa kwa tai-tai, vikamba vya plastiki ambavyo hupigwa jua na chumvi msimu hata msimu, vingine vikikatika na kubaki palepale. Nyavu za nailoni hali kadhalika. Kina ni kifupi na maji ni ya joto, na humohumo lava wa samaki na kamba hulelewa. Wastani wa bahari kuu hauwahusu.

Swali la tatu: chakula kisicho chakula

Hapa plastiki inashitakiwa kwa umbo lake. Mwaka 2013 Matthew Cole na wenzake huko Uingereza waliwapa vidonge vya polistireni aina 15 za zooplanktoni. Aina 13 zilivimeza. Miaka miwili baadaye walimchunguza Calanus helgolandicus, kopepodi muhimu wa bahari za Ulaya. Waliopewa vidonge walipata kaboni pungufu kwa asilimia 40 katika chakula chao, na jaribio lilipoendelea mayai yao yakawa madogo, yakaanguliwa machache. Kinachoua ni njaa iliyojificha katika tumbo lililojaa.

Halafu msomaji asome kiwango kilichotumika: vidonge 75 kwa kila mililita, sawa na milioni 75 kwa mita moja ya ujazo. Nyavu za utafiti kwa kawaida hukuta chembe chache, makumi au mamia katika ujazo huohuo. Huko Australia lava wa Tripneustes gratilla, mnyama wa miiba apatikanaye pia katika nyasi za bahari za pwani yetu, walipewa plastiki kwa viwango tofauti mwaka 2014. Walimeza, wakatoa baada ya saa chache, na watafiti wakahitimisha kwamba kwa viwango vya bahari ya sasa madhara ni madogo. Mwaka 2018 kundi la Vigo lilifika karibu na hapo kwa polithini.

Mwenye kiwanda hufurahia aya hiyo na kuishia hapo. Asiishie. Nyavu nyingi za utafiti zina matundu ya theluthi moja ya milimita, wakati vidonge vya majaribio ni vidogo mara kumi na zaidi. Zile chembe zilizo ukubwa wa mwani, ambazo ndizo chakula, hupita kwenye wavu bila kuhesabiwa. Na zinaendelea kupungua ukubwa: mwaka 2018 ilionekana kwamba duvi wa Antaktika humeza polithini ya mikromita 31.5 na kuitoa ikiwa vipande vya chini ya mikromita moja. Kiumbe mwenyewe ni kinu. Kwa vipande vya ukubwa huo tunaingia katika nano, ambako mambo hubadilika. Katika Tigriopus vidonge vya mikromita 0.05 viliua watoto wake, wakati vikubwa zaidi hasa vilipunguza uzazi.

Kwa nini maabara hazipatani

Sehemu kubwa ya ugomvi ni ya vipimo. Mwaka 2016 Robin Lenz na wenzake walionyesha kwamba majaribio mengi yalitumia viwango vinavyozidi vya baharini kwa kati ya mara mia na mara milioni kumi. Hilo ni kosa ukitaka kujua hali ya leo. Si kosa ukitaka kujua madhara hutokea kwa njia gani, na mtafiti mwenye muda wa miezi mitatu na fedha kidogo huchagua dozi itakayompa jibu. Gazeti halitaji dozi.

Upande wa pili una kasoro yake. Jaribio la saa 48 linalohesabu wafu litasema salama hata pale ambapo mayai hayaanguliwi. Vidonge vya polistireni vilivyonunuliwa kwa msambazaji wa maabara ni mviringo, laini na havina viungio vingi, wakati baharini kuna nyuzi zilizochakaa na rangi zinazobanduka. Ukipima kitu kisichopo baharini ukapata kwamba hakidhuru, hujajibu swali la bahari.

Lipo pia suala la nani anayepimwa. Tangu 2020 inajulikana kwamba 6PPD-kwinoni, zao la kiungio cha matairi, huua samaki aina ya coho katika mito ya Seattle kwa kiasi kidogo ajabu, wakati ndugu yake wa karibu aitwaye chum hupita salama katika maji hayohayo. Tairi nalo lina polima ya sintetiki, na vumbi lake huoshwa barabarani kwa mvua hadi baharini. Kama maabara zingempima chum peke yake, kemikali hiyo ingepewa cheti. Kopepodi wa bahari za joto ni aina nyingi mno. Waliopimwa kwa uzito wanahesabika kwa vidole, na wengi wao ni wa maji baridi.

Mizani

Nikiweka yote pamoja, ya kwanza ni nyepesi. Hofu ya plastiki kama mbebaji wa PCB na DDT inafaa kuachwa iwe jambo la mahali maalum, kama bandari chafu na ajali. Kuing'ang'ania kuna gharama: PCB na DDT zinapunguzwa kwa kuzuia vyanzo vyake vya nchi kavu, na kuzipachika kwenye chupa ya maji kunawapa nafasi waliozimwaga kukaa kimya.

Ya tatu naiacha katikati, ikipanda. Kwa chembe kubwa na bahari wazi, madhara ya leo ni madogo. Kwa nano na kwa maji ya pwani kipimo bado hakifiki, na wingi unaongezeka kila mwaka bila njia ya kuurudisha nyuma.

Ya pili ndiyo nzito, na sababu yangu kubwa ni historia ya TBT, mchanganyiko wa bati uliotiwa katika rangi za kuzuia viumbe kuganda kwenye meli. Miaka ya 1970 wafugaji wa chaza wa Arcachon, Ufaransa, walipata hasara chaza zao zikiumbuka na kushindwa kuzaa. Konokono wa baharini wa Uingereza walionekana majike wao wakiota viungo vya dume, na baadaye ikathibitika kwamba nanogramu moja au zaidi kidogo katika lita ya maji ilitosha. Kiwango hicho kiliwahi kuonekana ni sawa na hakuna. Ufaransa iliiwekea mipaka mwaka 1982; mkataba wa kimataifa ulianza kufanya kazi 2008. Ilichukua zaidi ya robo karne, na hiyo ilikuwa kemikali moja yenye alama inayoonekana kwa macho. Michanganyiko ya jamii hiyohiyo ya bati hutumika kuimarisha PVC. Kopepodi aliyechelewa kujivua gamba hana alama ya namna hiyo, na hakuna mvuvi atakayemleta sokoni akiuliza amepatwa na nini.

Bei ya kila dawa

Kuondoa viungio si bure. Kikinga-jua kikitolewa kwenye wavu, wavu huvunjika mapema na kuwa mikroplastiki. Kikiachwa, wavu hudumu na kikinga-jua huvuja. UV-328, kimojawapo cha vikinga hivyo, kiliwekwa mwaka 2023 katika orodha ya Mkataba wa Stockholm ya kemikali za kuondolewa, na viwanda vinahamia mbadala wake. Uzoefu wa bisfenoli unatufundisha kuuliza mbadala huo ni nani: bidhaa nyingi zilizotangazwa kuwa hazina bisfenoli A zilihamia bisfenoli S, ndugu yake wa damu, mwenye tabia zinazofanana naye.

Kurejeleza kunapunguza plastiki inayofika baharini, lakini huchanganya viungio vya bidhaa zisizofanana: kizuia moto cha televisheni ya zamani huishia katika kikapu au mdoli. Plastiki zinazoitwa za mimea hazijatoka katika shaka pia. Mwaka 2020 watafiti wa Frankfurt walipima bidhaa 43 za bioplastiki na za mimea, na nyingi zilikuwa na kemikali zenye sumu kwa seli. Moto nao hauleti nafuu. Meli ya X-Press Pearl ilipoungua karibu na Colombo mwezi Mei 2021 na kumwaga tani zipatazo 1,680 za punje za plastiki katika Bahari ya Hindi, punje zilizoungua zilikuwa na mchanganyiko wa kemikali mgumu kuutambua kuliko punje nyeupe. Yeyote anayechoma taka za plastiki ufukweni anafanya jaribio hilohilo kwa udogo.

Sheria zetu zimegusa upande mmoja tu. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania tarehe 1 Juni 2019, na Rwanda ilizitangulia zote mbili mwaka 2008. Ni hatua zilizobadilisha sura ya miji, na mfuko usiotengenezwa hauvuji. Hata hivyo zinahesabu mifuko. Hazimuulizi mwagizaji wa mabomba, kamba au nyavu ametiamo nini.

Swali hilo ndilo lililokwama kimataifa. Azimio la kuanzisha mkataba wa plastiki lilipitishwa Nairobi mwezi Machi 2022, likiwa limeanzia kwenye pendekezo la Rwanda na Peru, na Rwanda pamoja na Norway wakaongoza kundi la nchi zinazotaka mkataba wenye meno. Kundi hilo linataka kemikali hatari ziorodheshwe na uzalishaji wa plastiki udhibitiwe. Nchi za mafuta, zikiwemo Saudi Arabia, Kuwait na Urusi, zinataka mkataba wa taka peke yake. Kikao cha Busan, Korea Kusini, kilishindwa kuwapatanisha mwishoni mwa 2024, na kikao cha Geneva cha Agosti 2025 kiliahirishwa bila makubaliano.

Mkataba wa taka peke yake ungejibu kwa kiasi swali la tatu na kuliacha la pili karibu kama lilivyo, kwa sababu kiungio huanza kuvuja wavu ukiwa bado kazini, mzima na haujawa taka. Wakati mkataba unangojewa, mashirika ya viwango ya Afrika Mashariki yanaweza kudai tamko la viungio kwa bidhaa chache zinazotumika ndani ya maji: nyavu, kamba, tai-tai, maboya na mabomba ya PVC. Orodha hiyo ni fupi. Na maji yaliyolowekewa sampuli za bidhaa hizo yanaweza kupimwa kwa kopepodi wa hapahapa, walio wa joto la hapahapa, kwa hadubini, mitungi ya glasi na majuma machache ya subira.